Nika wa Idara ya Zoolojia

Idara ya zoolojia ilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati nyuma ya chuo, upande unaotazama ziwa. Kabla ya vita ilikuwa na walimu watatu. Waasi walipoingia Uvira mwaka wa 1998, mmoja alivuka kwenda Bujumbura, mwingine akavuka kwenda Kigoma, akabaki Ildephonse. Ildephonse alikuwa asistanti tu, lakini wanafunzi walimwita Prof, maana hapakuwa na mwingine wa kumwita hivyo.

Wanafunzi wa mwaka wa pili nao walikuwa wamepungua hadi wawili. Wa kwanza alikuwa Léocadie, binti wa wavuvi wa Mulongwe, msichana mwenye sauti ya juu na kicheko kilichokuwa kikimponyoka hata kanisani. Wa pili alikuwa Azarias, kijana mrefu mkimya aliyeshuka kutoka kwenye milima ya juu, ambako watu wake walifuga ng'ombe. Tangu vita ianze, wapo mjini waliomkwepa Azarias njiani wasimsalimu, wakidhani watu wa kwao wote ni wa waasi. Léocadie yeye alimsalimu kwa kelele za makusudi, ili wale wanaomkwepa wasikie. Kosa lake moja tu, kwa maoni ya Léocadie, lilikuwa kwamba aliogopa samaki. Kwao hawakula samaki, wala hakuwahi kumshika hata mmoja kabla ya kujiandikisha. Alichagua zoolojia akidhani ni masomo ya ng'ombe.

Muhula ule walikuwa wakijifunza mwili wa samaki. Kwa mji uliokaa kando ya ziwa, hilo lingekuwa somo rahisi kuliko yote. Lakini kati ya ufuko na chuo palikuwa na bariyeri ya waasi, kamba iliyofungwa kwenye mapipa mawili, na chini ya mti wa mpera alikaa kaporali mmoja mwenye tumbo, pamoja na kikaango chake. Kila Léocadie alipopita na samaki wa kupasua, kaporali alimpokonya.

"Hii iko ya nini?"

"Ya masomo, afande."

"Na sisi tuko nasoma," kaporali alimjibu, akiangalia kama mafuta yamepata moto.

Hivyo ndivyo kaporali alivyokula kuhe wa somo la mapezi, mgebuka wa somo la matamvua, na kambale mkubwa wa somo la mifupa. Prof Ildephonse aliwafundisha mfumo wa damu ya samaki kwa kuuchora ubaoni, na chaki ilipokwisha, kwa makaa. Mikroskopi pekee ya idara nayo ilikuwa imetoweka wiki ile askari walipolala katika madarasa. Hakuna aliyejua iko wapi.

"Mtihani unakaribia," Prof alisema siku moja, mikono nyuma. "Mutapasua nini? Mutapasua mawazo?"

Azarias aliona hilo ni wazo zuri. Léocadie alikasirika.

Jioni ile alimkuta baba yake mdogo, Marcellin, akitengeneza nyavu huku akitukana. Ndani ya mtumbwi wake, katika maji machache, alilala samaki mnene kama mkono wa mtu mzima, rangi ya majivu yenye madoa meusi, macho madogo, midomo minene, hana pezi la mgongoni. Alikuwa nika, kambale wa umeme. Alikuwa ameingia wavuni na kumpiga Marcellin mara mbili, na mkono wake ulikuwa bado una ganzi.

"Baba mudogo, minye nitamuchukua huyu," Léocadie alisema.

"Umupeleke wapi?"

"Ku masomo."

Marcellin alimtazama. Alimjua mtoto wa ndugu yake tangu alipokuwa akitia vyura katika viatu vya padri. "Ku masomo ya nani?" aliuliza. Léocadie alikuwa ameshakwenda kutafuta ndoo.

Kesho yake asubuhi alifika bariyeri na ndoo ya plastiki iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Azarias alitembea nyuma yake, mbali kidogo kuliko kawaida.

"Mule muko nini?" kaporali aliuliza.

"Muko samaki, afande. Lakini huyu si wa kukula. Huyu anaumaka."

"Samaki aniume minye?" Kaporali alicheka, akawageukia wenzake nao wakacheka. "Minye njo nitamuuma."

"Afande, nimekuambia."

"Funga kinywa."

Kaporali alikunja mkono wa shati na kuzamisha mkono ndani ya ndoo mpaka kwenye kiwiko. Kwa nukta moja uso wake ulionyesha mshangao tu, kama mtu aliyeitwa kwa jina na sauti asiyoijua. Kisha akapiga ukelele, akaruka nyuma, akaangukia kikaango. Mafuta yalikuwa bado baridi, kwa bahati yake. Bunduki zilikokiwa. Mmoja akapiga kelele kwamba ni bomu, mwingine kwamba ni dawa ya wapiganaji wa Mai-Mai, na yule wa tatu akalala chini kifudifudi ili asubiri kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Léocadie alisimama ameinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Kwa mbali ungedhani analia.

Walipelekwa wote kwa komanda: wanafunzi wawili, kaporali, na ndoo, ambayo hakuna askari aliyetaka kuibeba, kwa hiyo Léocadie aliibeba mwenyewe. Komanda Térence alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani ya jua, aliyekaa katika nyumba ya mtu wa forodha aliyekimbia. Alisikiliza hadithi ya kaporali, akachungulia ndani ya ndoo, akamgusa nika mgongoni kwa bomba la kalamu ya plastiki. Hakikutokea kitu.

"Na weye, mademoiselle? Mbona weye haikuumi?"

Léocadie alifungua kinywa aeleze habari ya maji, chumvi, ngozi na mkondo wa umeme. Azarias, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, akamtangulia.

"Kwa sababu ye hakuiba kitu, Komanda."

Léocadie alimkanyaga Azarias mguuni, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Azarias mwenyewe alionekana kama mtu aliyeona jongoo akitambaa kutoka kinywani mwake.

Komanda alivua miwani. "Munasema huyu samaki anajua mwizi?"

"Kaporali alitaka kutuibia, akaumwa," Azarias aliendelea, maana njia ya kurudi haikuwapo tena. "Léocadie amebeba tangu ziwani, haumwi. Minye sijue mengine, Komanda. Niko mwaka wa pili tu."

Komanda alimtazama kaporali, aliyekuwa bado anakikanda kiwiko. Ikawa wazi kwamba anafikiria jambo la siku nyingi. Redio yake ilikuwa imeibwa, humu humu kambini, na watu wake mwenyewe. "Kesho," alisema, "askari wote wataweka mukono mule. Wote. Na nyinyi mutakuya na samaki wenu."

Prof Ildephonse alipoambiwa alikaa juu ya kiti chenye miguu mitatu, akasahau kwamba kina miguu mitatu, akaanguka. Alipokwisha kuinuka alikuwa na hasira mbili.

"Sayansi siyo uganga! Nimefundisha miaka yote hii ili wanafunzi wangu wapige ramli na kambale?"

"Prof, ni Azarias," Léocadie alisema.

"Ni kweli, ni minye," Azarias alisema.

"Na akimwuma kila muntu? Ataumwa kila muntu! Huyu nyama hachagui!"

"Njo vile, Prof," Léocadie alisema polepole. Wazo lilikuwa linamjia hapo hapo, na kicheko nyuma yake. "Ataumwa kila muntu. Na katika wale askari, Prof, nani hajaiba kitu?"

Prof alitembea mpaka dirishani, akarudi. Akamwinamia nika aliyekuwa ametulia katika beseni, akimtazama kwa macho ya mtu mwenye njaa mbele ya dirisha la duka la mikate. Kwa mwaka mzima hakuwa ameona mnyama hai ndani ya idara yake isipokuwa mijusi ya ukutani.

"Akipiga mara nyingi anachoka," alisema hatimaye, kama anayejisemea. "Kila pigo linapungua. Mwishoni hana kitu mpaka apumzike. Nimesoma, lakini sijawahi kuona. Ingekuwa somo zuri sana la vitendo, TP kweli kweli." Akajikohoza. "Mukubwa awe wa mwisho. Kama tunataka kurudi nyumbani, mukubwa awe wa mwisho."

Asubuhi ile uwanja wa nyumba ya forodha ulijaa. Habari zilikuwa zimetembea usiku kucha, na watu wa mtaa walisimama nyuma ya ua wa matete, wanawake mbele. Beseni liliwekwa juu ya meza. Prof Ildephonse alikuja na bluzi yake nyeupe ya maabara, akasimama pembeni na kijiti cha mbao, kazi yake ikiwa kumchokoza nika asisinzie.

Léocadie aliwahutubia askari kwa sauti ya misa. "Huyu samaki haongopi. Mwenye kuiba kitu cha muntu, kikubwa ao kidogo, atamujua. Na akishamujua, hamusahau. Mwenye kurudisha, anamuachia."

Maneno ya mwisho hakuwa ameyapanga. Yalimjia tu, na baadaye Azarias alisema yalikuwa maneno yenye faida kuliko yote yaliyosemwa Uvira mwaka ule.

Kaporali aliamriwa aanze, na aliomba kwa machozi kwamba yeye jana tayari ameshaanza. Hakusikilizwa. Alipiga yowe lile lile. Wa pili yake aliruka kama mbuzi. Wa tatu alijitia ushujaa, akakaza meno, na kofia ikamtoka kichwani bila yeye kuigusa. Nyuma ya ua wanawake walianza kuhesabu makosa kwa sauti: "Ile ni ya kuku wangu!" "Ile ni ya sufuria!" Mama Apolline, jirani wa chuo, aliyeng'olewa mlango wa nyumba yake ukapikiwa maharage, alikuwa amepanda juu ya tofali ili aone vizuri.

Mstari ulivyozidi kusogea, Prof alizidi kuchangamka. Alisahau bunduki, akasahau komanda. "Unaona?" alimnong'oneza Léocadie. "Huyu ameruka kidogo. Anachoka! Anachoka kama kitabu kilivyosema!" Lakini askari wa nyuma hawakujua habari ya kuchoka. Walikuwa wameona wenzao, na woga ulifanya kazi iliyobaki. Mmoja alipiga yowe kabla hajagusa maji.

Ikafika zamu ya komanda. Hakuna aliyemwambia aweke mkono, lakini macho yote yalikuwa kwake, ya askari na ya wanawake. Alivua saa yake. Akakawia. Léocadie aliona jasho likishuka toka chini ya miwani, akajiuliza: mtu ambaye ndiye aliyeibiwa, anaogopa nini?

Komanda alitia mkono. Nika alikuwa amekwisha kabisa. Alijigeuza ubavu tu, kama mgonjwa anayegeukia ukuta.

"Munaona!" Komanda aliinua mkono ukidondoka maji, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepona. "Munaona, wezi nyie!"

Askari wakapiga makofi, wengi kwa mkono mmoja.

Siku iliyofuata, Prof Ildephonse alipokuja kufungua idara, hakuuona mlango. Mbele yake palikuwa na rundo: masufuria, cherehani, magodoro, gitaa la kwaya ya Waprotestanti, baiskeli bila tairi, baiskeli nyingine yenye tairi za ile ya kwanza, na kuku watatu waliofungwa miguu. Maana askari walifikiri hivi: samaki analala katika idara ya zoolojia, basi vitu virudishwe anakolala, ili aone. Mtaa mzima ulikuja kuchagua vitu vyake. Palikuwa na ugomvi kuhusu sufuria moja, lakini ulikuwa ugomvi wa furaha. Mama Apolline peke yake hakupata chake. Mlango wake ulikuwa umekwisha kuwa moshi. Alipewa bawaba mbili, akazichukua akitukana.

Redio ya komanda ilikuwamo. Mikroskopi haikuwamo.

Léocadie aliipeleka redio mwenyewe. Komanda alimkaribisha ndani kwa heshima, akamwagizia soda. Na pale kwenye meza ya sebule, kando ya mizani ndogo na bakuli lenye mchanga wa dhahabu, kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa kitambaa cha maua. Kitambaa hakikufika chini. Mguu mmoja mweusi wa chuma ulionekana, na Léocadie aliujua kama anavyoujua mguu wake. Yeye ndiye aliyekuwa akiufuta vumbi kila Ijumaa.

Mtu huyu aliweza kumfunga, au zaidi ya kumfunga, na hakuna ambaye angeuliza. Alikunywa soda yote kwa mara moja ili apate muda.

"Komanda," alisema, "Prof anashukuru sana. Lakini anasema jaribio moja halitoshi. Muntu wa sayansi anarudiaka. Kwa hiyo tutarudia. Na safari hii tutaanza na Komanda, ju jana ulikuwa wa mwisho, haikuwa heshima."

Komanda aliweka redio chini. "Ile samaki haijachoka?"

"Hapana. Amelala muzuri, amekula. Leo iko na nguvu kuliko jana."

Nzi alitembea juu ya kitambaa cha maua. Wote wawili walimwangalia.

"Kesho niko na misheni kule Luvungi," komanda alisema.

"Hakuna neno. Tutakungojea. Huyu samaki anaishi miaka mingi."

Alitoka nje akitembea pole pole, kama binti aliyelelewa vizuri. Alipokata kona alikimbia mpaka chuoni bila kuangalia nyuma, akajifungia katika choo cha walimu, akatetemeka humo peke yake mpaka kicheko kilipoanza kuchanganyika na kutetemeka.

Kabla ya saa sita kaporali alifika idarani na mzigo uliofungwa katika kitambaa cha maua. Hakuvuka kizingiti. "Komanda anasema hii imeokotwa Luvungi," alisema.

"Ameshafika Luvungi?" Azarias aliuliza.

"Bado. Ataenda kesho." Kaporali alifikiri kidogo juu ya jibu lake, akaona ni heri aende zake. Kisha akarudi hatua moja. "Na samaki… ananikasirikia bado?"

"Ukiacha watu wapite na ndoo zao," Léocadie alisema, "atasahau."

Lenzi moja ilikuwa na mkwaruzo, na katika viungo mlibaki vumbi la njano ambalo Prof alilifuta akisema si lake. Siku tatu hakula vizuri kwa furaha. Siku ya nne alisema sasa ni wakati wa kazi yenyewe.

Léocadie alijua siku hiyo itafika, lakini alikuwa amezoea kumlisha nika ndagala kwa kijiti kila asubuhi, na nika alikuwa amezoea kuja. "Prof, hatuwezi kumurudisha ziwani?"

"Tunaweza," Prof alisema. Hakumgombeza. "Lakini ukitaka kujua ule umeme unatoka wapi, iko njia moja. Chagua weye."

Alikaa mbele ya beseni muda mrefu. Kisha akavaa bluzi. Prof mwenyewe ndiye aliyemwua, haraka, akiwa na bote za plastiki miguuni. Léocadie alipasua. Azarias, ambaye zamani angekimbilia dirishani, alishika taa. Chini ya ngozi, pande zote za mwili, walikuta tabaka laini kama mafuta, jeupe, linaloteleza. Prof alikata kipande chembamba kwa wembe, akakiweka kwenye kioo. Akamwachia Léocadie aangalie wa kwanza.

Mwanzoni aliona ukungu tu, na ule mkwaruzo. Alizungusha taratibu. Ndipo vikatokea: visahani vidogo vidogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine, safu kwa safu, mpaka jicho likachoka. Kule ng'ambo ya mto risasi mbili zililia, hakuzisikia.

"Toka, na minye nione," Azarias alisema.

"Ngoja."

"Léocadie, umekaa sana."

"Nimesema ngoja!"

Walikuwa bado wanasukumana kwa viwiko Mama Apolline alipoingia bila kubisha. Alikuwa amevaa kitenge cha kutokea. Alimsalimu Prof kwa adabu, akauliza afya ya kila mmoja, kisha akasema anataka kuazima samaki kwa siku moja tu, kwa ajili ya mume wake, mzee Onesphore, ambaye alikuwa na jibu tofauti kila alipoulizwa anakopitia akitoka kazini.

"Pole sana, mama," Prof alisema. "Samaki amekufa."

Mama Apolline alitazama meza, akaona. Alisikitika kwa dhati. "Amekufa kabisa?"

"Kabisa."

"Hata mukia?"

Kichwa na mkia vilikuwa vimekwisha kutiwa katika bokali la kioo lenye formoli, dawa ya kuzuia kuoza. Léocadie alilinyanyua, akamwonyesha. Nika aliangalia nje ya kioo kwa jicho dogo jeupe. Mama Apolline alimzunguka mara moja, akamkagua kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akanyosha kidole kuelekea dirisha linalotazamana na nyumba yake, pale mlango usiokuwa na mlango ulipofunikwa kwa shuka.

"Muliweke pale," alisema. "Agauke huku. Minye nitamuita muzee aone."

Prof Ildephonse alikohoa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimtazama Léocadie, na Léocadie akamtazama Azarias.

Azarias alichukua bokali kwa mikono miwili, akalibeba mpaka dirishani, akaligeuza kidogo kushoto.

"Pale?"

"Kidogo tena," Mama Apolline alisema. "Pale. Njo vile."